Fundi wa Chumba cha Wagonjwa

Asubuhi ya Jumanne Mama Usalama alikuwa anakagua sanduku la huduma ya kwanza, maana kila mara wanafunzi wakirudi kutoka mlimani bandeji hupungua na hakuna anayejua zimekwenda wapi. Kituo kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo hata barabara imekata tamaa. Vijana waliletwa hapo kutoka nchi mbalimbali kusoma hali ya hewa. Kazi yake yeye, kwa cheo mratibu wa ustawi na usalama, ilikuwa kuhakikisha wanakula, wanalala, hawaporomoki gengeni na hawazami kwenye mawazo ya nyumbani. Jina la Mama Usalama walimpa wao, ingawa mtoto wa kuzaa hakuwa naye.

Mlinzi akaja kusema kuna mgeni, ameshuka kwenye lori la mitungi ya gesi.

"Ni baba yake yule binti wa chumba cha mwisho," alisema. "Yule marehemu."

Mama Usalama akafunga sanduku. Habari za marehemu alikuwa nazo tangu juzi. Baba mdogo wa binti alipiga simu, akasema kaka yake amefariki, wamekwisha kumzika, na mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani wa Ijumaa. Mkurugenzi alikubali kabla simu haijakatwa. Ndivyo kituo kilivyokwenda miaka yote: habari njema hutolewa papo hapo, mbaya hungoja mtihani. Hakuna aliyeona shida, kwani kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyezikwa yeye akiwa anajibu maswali.

Mgeni alikuwa ameketi kwenye benchi la getini, kofia magotini, amevaa koti la kijivu alilolishona mwenyewe enzi za uhai wake. Alikuwa fundi cherehani.

"Shikamoo, baba. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Haikunichosha. Siku hizi sichoki." Akatabasamu. "Nisamehe kuja bila taarifa. Nimepewa ruhusa fupi, Alhamisi lazima niwe njiani. Nataka nimwone binti yangu, nimuage, basi."

Mama Usalama akaenda naye nyuma ya jiko, kwenye tangi la maji, mahali pekee penye mtandao, akampigia baba mdogo. Baba mdogo akasikiliza, kisha akaguna.

"Kaka naye amezidi. Si tulikubaliana mtoto asisumbuliwe? Hebu mpe simu."

Wakazungumza, aliye hai akifoka, aliyekufa akiitikia taratibu. Mwishowe fundi akarudisha simu.

"Anasema nimwone Jumamosi. Nimemwambia Jumamosi sipo. Anasema basi nivumilie."

Mkurugenzi naye akaja, akampa mkono, akampa pole ya msiba, kisha akamweleza utaratibu. "Mzee wangu, binti anaongoza darasa. Akikuona tu, ameshajua." Fundi alitikisa kichwa kukubali. Yeye mwenyewe aliwahi kumficha binti huyo kifo cha bibi yake muhula mzima, kwa sababu hiyohiyo.

Wakampa chumba cha wagonjwa, ambacho dirisha lake linatazama uwanja. Pazia lilikuwa la aina ya kumwezesha wa ndani kuona bila kuonwa. Kila mara binti yake alipopita kwenda darasani, fundi alisogeza kiti. "Amekonda," alisema siku ya kwanza. Siku ya pili akasema hapana, ni suruali tu, aliyemkatia kiuno hajui kazi.

Mikono yake haikuzoea kukaa bure, akaomba sindano. Mama Usalama akamletea makoti ya wanafunzi, kwa kuwa baridi ya kule haina adabu na makoti mengi yalikuwa hoi. Akayashona yote. Aliyashona hivi kwamba waliovaa walilala fofofo na waliokuwa wakilia usiku wakaacha. Mkurugenzi alifurahi mno, akauliza kama ruhusa ya mzee haiwezi kuongezwa kidogo.

Koti moja tu halikuguswa, la binti, ambalo mfuko wake wa kulia ulikuwa unaning'inia.

"Hili liache, baba," Mama Usalama alimwambia. "Mshono wako anaujua."

Fundi alilishika koti kitambo. Akalinusa kwenye kola, akalikunja, akamrudishia. "Sawa. Ila mfuko huo ndio wa mkono anaoandikia."

Mama Usalama alitoka, akalia nyuma ya tangi, akapangusa uso, akaenda kukagua vyoo. Maji hayakuwepo.

Alhamisi asubuhi mlango wa chumba cha wagonjwa ukabishwa hodi. Alikuwa binti. Mama Usalama akatoka akaurudisha mlango nyuma yake, akausimamia kama golikipa.

"Nasikia kuna fundi humu," binti alisema. "Wenzangu wote wameshonewa, mimi tu ndiye niliyerukwa. Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu. Ameishiwa uzi."

"Haya. Mwambie asante, kwa ajili ya wenzangu."

Akaondoka na mfuko wake unaoning'inia. Mama Usalama aliporudi ndani, fundi alikuwa amesimama mlangoni pale, kiganja juu ya ubao.

"Sauti imekua," alisema. "Na adabu anayo."

Alasiri lori likaja kuchukua mitungi mitupu, naye akapanda. Mlinzi alimuuliza anaelekea wapi. Alisema amebakiwa na mmoja, mvulana, yuko shule ya bweni upande wa pili wa nchi yao, ampitie kabla hajaitwa.

Ijumaa mtihani ukaisha. Mama Usalama akamchukua binti mpaka chumba cha wagonjwa, akamweleza yote bila kuficha, pamoja na aliyekuwa nyuma ya mlango. Binti akauliza alikuwa anakaa kiti gani. Akaonyeshwa. Akakikalia, akalia mpaka koti likalowa.

"Kwa hiyo uzi ulikuwepo," alisema baadaye.

"Ulikuwepo, mwanangu. Umebaki mwingi tu."

Aliomba kupiga simu nyumbani. Wakaenda kwenye tangi. Mama Usalama alisimama kando, akiomba moyoni binti amtukane baba yake mdogo, na amtukane mkurugenzi, na yeye pia, ili jambo hilo liishe.

"Shikamoo, baba mdogo. Poleni na msiba," binti alisema. "Hapana, sijakasirika. Mtihani umekwenda vizuri." Akasikiliza. "Na mdogo wangu? Bado hajui? Mtihani wake lini?"

Akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Basi asiambiwe, aachwe amalize kwanza. Na baba yuko njiani kwenda huko. Pigeni simu shuleni, mlinzi asimfungulie."

Akarudisha simu, akaomba maji ya kunywa.