Masikio ya Dhahabu Dukani

Redioni, alikokuwa fundi mitambo wa zamu ya jioni, walimwita Masikio ya Dhahabu, naye, maskini, akaamini. Waya ukilegea kidogo tu, yeye kashasikia mkwaruzo ambao mtambo wenyewe haujaujua. Lakini mwanawe wa miezi sita akilia hapo hapo ubavuni pake, wapi! Anayeinuka ni mkewe. Mganga hajigangi, wanasema, ila huyu hata mgonjwa hakumwona.

Mkewe alikuwa fundi vioo. Kutwa alikata vioo vya madirisha na makabati, na karakana yenye vipande vya vioo sakafuni si mahali pa kumpeleka mtoto. Likizo yake ya uzazi ilikwisha zamani, akaongezewa, na hiyo nyongeza nayo ikawa ukingoni. Msimamizi alimwambia kwa ule upole wa watu wanaofukuza: nakupa wiki tatu, usipotokea Jumatatu baada ya hapo, meza yako nampa mwingine. Asubuhi zote mumewe huwa nyumbani. Mtoto abaki na babake, mambo yaishe, au siyo?

Thubutu! Asubuhi ndipo Masikio anapojifungia studio. Hiyo studio ilikuwa stoo ya nyumba. Kaibandika trei za mayai na magodoro chakavu ukutani hadi darini ili sauti ya nje isiingie, kisha anavaa na hedifoni juu yake, akirekodi matangazo ya sabuni. Mtu kajenga chumba makusudi asisikie kitu, halafu anasema nyumba inahitaji mashine ya kumsikilizia mtoto. Haya, ikatafutwe hiyo mashine. Mkewe akadhani ni shughuli ya siku moja.

Wiki tatu! Kila iliyosifiwa, bwana aliitia kasoro. Ya kwanza ina mvumo. Ya pili besi imezidi, mtoto anasikika kama mzee mwenye kikohozi. Ya tatu inaonyesha na picha, akaikunjia pua, eti picha ni za watu wasiojua kusikiliza. Yote hayo akimweleza mkewe aliyempakata mtoto kwa mkono mmoja na kukoroga uji kwa mwingine.

"Baba'ke, kwani unachagua mashine au unachagua mke wa pili?"

"Vitu hivi havitaki pupa, mke wangu."

Pupa! Mtoto keshaota meno mawili.

Ijumaa ya mwisho mkewe akamburuta mpaka duka la vifaa vya watoto. Muuzaji, dada mmoja mcheshi, akawaonyesha mashine iliyobaki. Masikio akataka ijaribiwe: mtoto alazwe kwenye kitanda nyuma ya pazia, kile cha kunasa sauti kiwekwe kando yake, yeye abaki kaunta na cha kusikilizia. Akachomeka hedifoni zake mwenyewe. Alikuja nazo kutoka nyumbani, huyo!

Mtoto akaguna, kisha akaangua kilio. Mama yake, aliyekuwa naye huko nyuma ya pazia, akanyoosha mikono, akairudisha. Alitaka kuona kama mumewe atakuja. Akija, Jumatatu naenda kazini, alijiambia. Hakuomba kingine, aje tu. Akachungulia penye upenyo wa pazia. Mumewe alikuwa amefumba macho, kidole juu.

"Ahaa! Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Safi! Haina hata mkwaruzo."

Kilio kikazidi. Dada muuzaji akatupa kamba aliyokuwa akifungia mzigo wa mteja, akaja mbio. "Jamani, mama yake yuko wapi?" Akamkuta kasimama palepale, machozi yanamtiririka.

"Msimbembeleze!" Masikio akapiga kelele, maana kwa hedifoni zile hakujua anavyopaza sauti. "Mwacheni alie kidogo, nisikie akifika juu kabisa!"

Wateja wote wakageuka. Mkewe akamnyanyua mtoto, akapita katikati yao, akamvua bwana hedifoni kichwani.

"Umemsikia?"

"Vizuri mno! Tuichukue hii."

"Umemsikia, na hukuja."

"Si nilikuwa najaribu mashine?"

"Mashine ni nzima. Mbovu wewe."

"Kaka," dada muuzaji akadakia, "hata nikikuuzia duka zima, wewe sina dawa yako."

Mkewe hakucheka. Aliumia, tena aliumia sana, kwa sababu alimpenda huyu mjinga. Akamtia mtoto mikononi, akamtundika begani mfuko wenye nepi na chupa ya maziwa.

"Jumatatu yako imeanza leo. Mimi naenda karakana kumwambia msimamizi meza yangu asiiguse."

"Sasa anavyolia hivi nimfanyeje?"

"Utajua. Mimi nilifundishwa na nani?"

Akatoka. Kilio kilimfuata mpaka barabarani, na mara tatu miguu yake ilitaka kurudi. Hakurudi.