Mabati Saba Yaliyokosekana Mwezi wa Nane

Ulipita pale. Usinikatalie. Daraja la mfereji, ukishaiacha Ubaruku nyuma kidogo, pale magari yanaposimama watu wanyooshe miguu. Ulishuka, ukapiga picha yako, na yule mama aliyekuwa anageuza mpunga kwenye turubai alipokupungia mkono, ukageukia upande wa pili. Ulitaka milima. Sikulaumu peke yako, nami nilitaka milima. Ila mimi nilikwenda mbali kukuzidi, na ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimechoka namna hii.

Mwaka jana wote nilizunguka na kamera ya mtumba. Kazi ilikuwa kalenda. Burhanuddin, mwenye duka la uchapaji Mbeya mjini, huwatolea wateja wake kalenda kila mwaka, na safari hii alitaka mandhari ya kwetu, kuanzia Mbeya mpaka Iringa. Sharti lake lilikuwa moja: sura ya mtu isionekane. Aliwahi kumweka mzee mmoja anayechuma chai Tukuyu, picha nzuri kabisa. Mzee akafariki mwezi wa tatu, wateja wakaanza kurudisha kalenda dukani. Nani aamke kila siku asome tarehe chini ya marehemu? Nilimwelewa. Hata mama yangu angeigeuzia ukutani.

Basi nikawa fundi wa kuondoa watu. Mufindi niliwasimamisha wachuma chai pembeni, kwenye baridi, mpaka ukungu ukae ninavyotaka. Idodi nilimwomba mfugaji apishe ng'ombe wake nipate uwanda mtupu. Akaniuliza kama nadhani zile nyasi zimejikata zenyewe. Nilicheka, lakini ng'ombe aliwapisha. Nimelala kwenye magodoro yaliyobonyea ya gesti ambazo majina yake nimeyasahau, nimepanda mlima Loleza na goti bovu mara tatu kwa sababu ya wingu moja. Ilipofika katikati ya mwaka nilikuwa sioni tena mandhari. Naona vya kutoa tu. Kadi ya kamera nilikuwa nayo moja. Nikishahamishia picha kwenye kompyuta ya dukani, naifuta, naanza upya.

Darajani nilifika mwezi wa saba, mavuno yakielekea kwisha. Yule mama anaitwa Tupokigwe. Ni mjane, alitoka Rungwe na mumewe kuja kulima mpunga pale kabla hajazaa mtoto wa kwanza, na mtoto huyo leo ana watoto wawili, wajukuu anaowalea Tupokigwe. Nilimwomba akunje turubai, anue nguo, awaite majirani wasimame nyuma yangu. Aliwaita.

"Kwani mwanangu, sisi wabaya kiasi hicho?"

"Siyo ubaya, mama. Ni kalenda."

"Haya. Piga haraka, hiyo milima yako isije ikakimbia."

Walicheka wote nyuma ya mgongo wangu, nikapiga. Akanilisha wali mpya na kambale.

Watu walitoka, lakini nyumba zilibaki. Nyumba saba za bati, kushoto mwa picha, na mabati yanang'aa jua la saa nne mpaka jicho haliendi kwenye milima. Hakuna aliyeniagiza nililofanya. Burhanuddin alikataza sura, hakukataza nyumba. Nilikaa kwenye kompyuta yake tangu asubuhi, nikachukua nyasi za upande wa kulia nikazivuta juu ya bati la kwanza, la pili, mpaka la saba. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alisimama nyuma ya kiti changu akauliza kama hapakuwa na kitu pale. Nikamjibu, vitu vidogo tu. Na nikaihifadhi juu ya picha ya kwanza, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa.

Ikawa picha ya mwezi wa nane. Nzuri kuliko zote. Watu walinisifu, na nilipokea sifa.

Mwaka huu akaja mwekezaji anayeutaka ule uwanda. Wakulima wakapinga, shauri likafika kwenye baraza la ardhi. Msemaji wa mwekezaji, Edmund, ni mtu mpole, shati limenyooshwa vizuri. Alisema zile nyumba zimejengwa juzi, waliposikia mgeni anakuja. Tupokigwe akasema ameishi pale miaka ishirini na sita. Edmund hakubishana. Aliinuka, akaenda ukutani mwa chumba kile kile cha baraza, akaitoa kalenda kwenye msumari, akafungua mwezi wa nane, akaiweka mezani.

Tupokigwe alinipigia simu siku hiyo hiyo. Hakunitukana. Alisema tu, "Libe mwanangu, nimejitafuta, sipo."

Nilianza kuandika barua za malalamiko kabla sijajua alama za mkato ziwekwe wapi. Nilijifunza kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, baada ya nyumba ya baba kubomolewa Mafinga kupisha barabara. Baba aliambiwa alete ushahidi kwamba alikuwepo. Aliwapeleka kwenye mpeasi alioupanda mwenyewe. Wakamwambia mti hausemi. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sura zao ninazo kichwani mpaka leo, nikikutana nao sokoni nawajua. Na bado ni mimi huyu niliyekaa kwenye kiti kinachozunguka nikafuta nyumba saba kabla ya chakula cha mchana.

Nilikwenda barazani na barua ya Burhanuddin yenye mhuri, inayosema picha ilirekebishwa dukani kwake. Mwenyekiti, mzee Sifaeli, aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule, mzee."

"Kijana, mtu anayefuta nyumba ili picha ipendeze, nitajuaje kwamba hawezi kuzichora kwa kuona huruma?"

Nikamtajia majirani, na daftari la kitongoji. Majirani nao ni wadai hao hao, hawawezi kujishuhudia. Daftari la kitongoji lililowa mafuriko yalipoingia ofisini. Mzee Sifaeli akatupa muda mpaka Alhamisi: iletwe picha ya mahali pale, ya kabla ya mwezi wa nane mwaka jana, ambayo sikuipiga mimi. Isipoletwa, atawaandika kuwa wavamizi, na wavamizi huondolewa bila kungojwa wavune.

Nje, Tupokigwe alikaa kwenye ngazi akavua viatu. Akanikumbusha kwamba maharusi wote wa Ubaruku hupigia picha pale darajani. Wengine aliwapa maji ya kunawa, wengine aliwashikia shela lisiguse matope. Haiwezekani, alisema, wote wamkwepe.

Nimewatafuta. Farhan, mmoja wa maharusi hao, simu yake ilitumbukia kwenye ndoo. Amna, aliyeolewa Iringa, alinifungulia albamu nzima bila kinyongo: milima, shela, milima, bwana harusi, milima. Mpiga picha wake alikuwa na jicho kama langu.

Leo Jumatatu. Mimi nimezunguka mpaka goti limekataa, kwa hiyo zamu ni yako. Fungua simu yako sasa, siyo ukifika nyumbani. Rudi nyuma mpaka mwaka jana, na juzi yake, na mwaka ulipooa. Usiangalie milima. Angalia juu ya bega la bibi harusi, angalia kwapani mwa mjomba aliyenyoosha mkono, angalia pembeni kushoto, unapokata siku zote. Unatafuta mabati saba, la tatu limewekewa tairi juu. Ukiliona lolote, hata nusu, usiikate, usiing'arishe, wala usinitumie mimi, maana mkono wangu hauaminiki tena. Chukua simu yenyewe, na tarehe yake ndani, uipeleke barazani Ubaruku kabla ya saa tatu asubuhi, Alhamisi. Kama uko mbali, mpe dereva wa basi la leo. Inuka.