Samaki Wembamba wa Lubna

Adija alikuwa na mambo mawili ya kujivunia pale mtaani Buyenzi: chapati zake, na mkono wake wa kuchagua samaki. Chapati, kuna majirani waliozisema kichinichini. Mkono haukuwa na mpinzani.

Kwa hiyo mjukuu wake Lubna, aliyebanwa na mtihani wa chuo, alipomwomba amwendee sokoni Gatumba kununua tilapia, Adija alijifunga kitenge kipya kana kwamba ameitwa ikulu.

"Nyanya, wengine watoke mtoni Rusizi, wengine kwenye mabwawa," Lubna alimweleza. "Huyu samaki si wa kwetu. Aliletwa afugwe, mafuriko yakamtoa bwawani, sasa amejaa mtoni. Nataka nione kama mto umemubadilisha umbo. Lakini usichague! Chukua vile wanakuja. Mwalimu anataka vipimo Jumatatu. Nikikosa, mwaka huu simalizi."

"Sawa, mama," alisema Adija, na moyoni akacheka. Usichague! Mtoto ana adabu huyu. Ni sawa na mgeni anayesema msijisumbue, huku anajua kuku ameshachinjwa.

Léoncie, muuza samaki wa Gatumba, alimwachia kigoda chake mwenyewe na kumshikia mwavuli. Mbele yao palikuwa na beseni la samaki wa mtoni na beseni la samaki wa bwawani. Adija akapekua yote mawili bila huruma.

"Huyu amefiwa? Na huyu, nani alimunyima chakula?"

Wembamba wote wakarudi majini. Adija akarudi nyumbani na wanono watupu, akiona fahari mpaka kwenye visigino.

Jioni Lubna aliwalaza mezani mmoja mmoja, akawapiga picha ubavuni, akapima urefu na kimo cha mgongo. Akapima tena. Kisha akaketi.

"Nyanya, wa mtoni na wa bwawani wamefanana kama mapacha. Ulichagua?"

"Nilichagua sana! Mi nikuletee mifupa?"

Lubna hakupaza sauti. Alimmiminia bibi yake chai, akatia sukari vile anavyopenda, na hapo ndipo Adija alipojua kwamba mambo yameharibika kweli.

"Nikiandika hivi," Lubna alisema taratibu, "nitasema mto haukubadilisha kitu. Lakini hapa nimepima mkono wako, sikupima samaki."

Kesho yake, Jumamosi, Adija alirudi Gatumba.

"Léoncie, leo mi sichagui."

Akafumba macho, akatumbukiza mkono kwenye beseni la mtoni. Vidole vikapita juu ya mmoja, vikamkwepa wa pili, vikamkamata wa tatu tumboni. Akafumbua macho. Mnono kama mto wa kulalia! Wanawake wa sokoni wakaangua kicheko.

"Mama Adija, hata macho yakifumbwa, vidole vinaona!"

"Basi nipe wewe," Adija alimwambia Léoncie.

Léoncie, kwa upendo wake wote, akamchagulia mnono kuliko yule.

"Apana! Unaniua na wema wako! Nipe mabeseni yote, vile yalivyo."

Usiku ule kazi ilionyesha sura yake. Wa bwawani walikuwa na migongo iliyoinuka na matumbo ya watu wa kukaa; wa mtoni walikuwa wembamba, wamenyooka kama watu wa safari. Lubna alikuwa akiimba huku anapima. Adija akajitazama. Zamani, akitembeza vitambaa kwa miguu, mkanda wa msichana ulimtosha. Tangu aketi karibu na jiko lake Buyenzi, hakuna haja ya kupimwa: yeye ni wa bwawani kabisa.

Mara jirani yao Hayat akabisha hodi. Adija akawarushia wembamba kitambaa haraka, asije akaonekana amenunua samaki wa namna ile.

"Nimesikia harufu ya samaki," Hayat alisema.

"Karibu, dada, wapo tele." Mkono wa Adija ukaondoka wenyewe kuelekea kwa mnono kuliko wote. Lubna akakohoa. Mkono ukasimama hewani, umeshikwa kama mwizi.

Lubna akacheka mpaka akaweka rula chini.

"Hao nimeshapima, Nyanya. Sasa chagua."

Adija akachagua.