Mkwe Hajaondoka

Sumbawanga ikifika mwezi wa sita, maji ya bomba yanauma meno, na mtu mzima akikuambia ameoga asubuhi, mwangalie visigino kwanza kabla hujamwamini. Upepo wa huku juu haupigi hodi. Unapita chini ya mlango, unapanda kitandani, unaingia blanketini kama mwenye nyumba.

Katika mwezi huohuo ndipo mtoto wa Jenifer alipochagua kuzaliwa, miezi miwili kabla ya siku zake. Alikuwa msichana, kilo moja na robo, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Mama yake alikuwa ameshikwa na kifafa cha mimba, akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, na huko alilala hajui kama amezaa au bado. Mtoto akabaki mikononi mwa nesi Asnath.

Asnath alikuwa ametoka semina wiki hiyo, na semina ilikuwa bado inamchemka kichwani. Wodi yao ya watoto wachanga, katika hospitali moja ya pale mjini, ilikuwa na mazoea ya miaka. Akizaliwa njiti, mtoto wa kabla ya siku zake, anafungwa mablanketi, anazungukwa na chupa za maji moto kama kitumbua kwenye mafuta, kisha anasubiriwa atengemae ndipo aende kifuani kwa mama yake. Wengine walisubiriwa, wakasubiriwa, wakaenda zao bila kuonja hicho kifua. Semina ikasema hapana. Watafiti wa nchi kadhaa walikuwa wamelinganisha, wakaona njiti anayewekwa kifuani mara moja, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, anapona kuliko yule anayesubirishwa. Na kama mama hawezi, ndugu yeyote mwenye kifua na moyo wa kukaa anafaa.

Alipoyasema hayo, inchaji wa wodi, Sista Coleta, alimsikiliza huku anafuta miwani.

"Hao watafiti walilala Sumbawanga mwezi wa sita?"

"Kifua cha mtu kina joto lilelile mwezi wowote, sista."

"Cha kwako labda. Mimi cha kwangu mwezi wa sita hata mume wangu anakikimbia." Akavaa miwani. "Haya. Mjaribu huyu mmoja. Akitoka salama, tutafanya kwa wote. Akipoa akatufia, chupa zangu zinarudi, na semina yako irudi ulikoitoa. Tumeelewana?"

Wakaelewana. Asnath akasafisha chumba cha pembeni kilichokuwa stoo ya magodoro, akatia kitanda kimoja na kiti, akaziba dirisha kwa kanga maana kioo kimoja kilikuwa na ufa. Kisha akatafuta vifua.

Cha kwanza kilikuwa cha Agnesi, mama mzazi wa Jenifer. Alikuwa amepanda basi kutoka Mtowisa, bondeni kwenye joto, akafika mjini anatetemeka na sweta mbili, moja ya kwake na nyingine ya marehemu mumewe. Asnath akamweleza atavua hizo sweta, mtoto alazwe wazi katikati ya maziwa, wafungwe kanga pamoja, ndipo sweta zirudi juu. Mtindo huo unaitwa kangaruu.

"Kangaruu ndiyo nini?"

"Mnyama wa mbali, mama. Anabeba mtoto mfukoni."

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo, ukaishia kufundishwa na mnyama." Agnesi akaanza kufungua vifungo. "Haya mlete. Haya maziwa yamekaa bure muda mrefu, na yenyewe yapate kazi."

Mtoto alipolala pale, akakunja miguu kama chura na kunyamaza. Agnesi akamfunika kisogo kwa kiganja. Baadaye ndipo aliposema kwa sauti ya chini kuwa mtoto aitwe Mheshimiwa, kwa sababu hafanyi kitu na watu wote wanamsimamia.

Kifua cha pili kilikuwa cha Yusto, baba wa mtoto, dereva wa bodaboda pale Mazwi. Kijana mrefu, mpole, mwenye jaketi la ngozi lililochanika kiwikoni. Alivua jaketi macho yakitazama ukuta. Lakini mtoto alipogusa kifua chake alishusha pumzi ndefu, akawa hatikisiki tena, akakaa kama mtu aliyebebeshwa trei ya mayai.

Asnath akapanga: mchana bibi, usiku baba. Asubuhi na jioni, zamu zinapobadilika, wapokezane. Mpango ulimpendeza. Aliutazama kama mtu anavyotazama ugali ulioiva vizuri.

Jambo moja alilijua, lakini alilichukulia kama kichekesho. Agnesi na Yusto walikuwa hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Kwa jinsi Agnesi alivyolelewa na kina bibi zake, mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkononi, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Watu wengi mjini wameshayaacha hayo, wanakula meza moja na kupigana picha. Agnesi hakuyaacha, na Yusto, aliyempenda mke wake, alimheshimu mama wa mke wake kwa miguu yake yote. Wakiwa na neno, wanapitishia kwa Asnath.

"Nesi, mwambie mkwe kwamba kifua kilichotoka kwenye pikipiki kina baridi ya sufuria iliyolala nje. Akipashe kwanza jikoni kwa ndugu wa wagonjwa."

Yusto alikuwa nyuma ya ukuta, hatua chache tu. "Dada nesi, mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Mwambie namshukuru kwa kusikia."

Asnath alicheka hadi akashika ubavu. Alirudi ofisini akawasimulia wenzake, nao wakacheka.

Siku za kwanza Mheshimiwa aliendelea vizuri. Alipewa maziwa kwa mrija wa puani, akapata choo, akafungua jicho moja akamtazama Agnesi, akalifunga tena kama mtu asiyeridhika na alichokiona. Ila kulikuwa na kitu. Kila asubuhi, Asnath akimpima muda mfupi baada ya bibi kuingia, joto lilikuwa limeshuka. Mchana linapanda polepole. Kesho yake asubuhi limeshuka tena, na safari hii zaidi.

"Kifua chako kinavuja joto," Coleta akamwambia.

Asnath akatafuta panapovuja. Akabadili kofia ya mtoto, akaongeza soksi. Akamshuku Yusto kwamba anasinzia kiubavu na kanga inalegea, akamwonya, na Yusto akaapa kwamba halali kabisa. Akamshuku Agnesi kwamba sweta ya marehemu ina shingo pana. Agnesi akasema shingo ya marehemu ilikuwa pana kweli, ila moyo wake ulikuwa mwembamba, na akaifunga shingo ya sweta kwa pini. Asnath alipekua kila mahali isipokuwa kwenye kupokezana kwenyewe, kwa sababu hapo hakuwahi kuwapo. Saa ambayo ndugu walipokezana mtoto ndiyo saa ambayo manesi wenyewe walikuwa ofisini, mlango umefungwa, wakipokezana zamu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo baridi ilikuwa imeshika nyasi zikawa nyeupe. Ofisini Coleta alikuwa amekaa na koti lake la nje, na nesi wa usiku akisoma taarifa. Asnath alikuwa anaingia zamu. Nje, upande wa nyuma, mtu alikuwa anapiga kiki pikipiki. Inakohoa, inazima. Anapiga tena. Inakohoa, inazima.

"Huyo baba kangaruu wako," nesi wa usiku akasema. "Pikipiki yake nayo ingebebwa kifuani."

Wakacheka. Asnath naye alicheka, akawaza: Yusto ametoka, basi bibi ameingia. Walipofika kwenye jina la mtoto wa Jenifer, akasema yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejua: "Mtoto yuko kifuani." Wakaendelea na watoto wengine. Pikipiki ikaendelea kukohoa.

Taarifa ilipokwisha akapita moja kwa moja chumba cha pembeni. Kiti kilikuwa kitupu. Mheshimiwa alikuwa kitandani peke yake, amefunikwa vizuri sana kwa kitenge, kimechomekwa pande zote kwa mkono wa mtu mwenye upendo. Kanga ya dirishani ilikuwa inapepea.

Asnath akafungua mlango wa nje. Agnesi alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, mikono kwapani, uso umegeukia ukuta.

"Mama, mbona uko nje?"

Agnesi akaweka kidole mdomoni, akaonyesha kwa kidevu upande wa nyuma. "Mkwe hajaondoka," akanong'ona. "Nasubiri nisikie pikipiki imetoka getini. Kila siku huwa hivyo. Leo imegoma."

Na kule nyuma Yusto, jasho likimtoka kwenye baridi ile, alikuwa anapiga kiki kwa nguvu zake zote ili aondoke haraka, mama mkwe wake apate kuingia.

 Alirudi mbio, akafungua vifungo vya gauni lake la kazi, akamweka mtoto kifuani mwake mwenyewe. Ilikuwa kama kuweka samaki. Mtoto alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine baada ya muda mrefu mno. Coleta alikuja na mfuko wa kumpulizia hewa, na pamoja na hewa alikuja na chupa zake za maji moto, na safari hii Asnath hakubisha. Walifanya kila walichojua, cha zamani na cha semina. Jua lilipopanda likaanza kuyeyusha ile nyeupe ya kwenye nyasi, Coleta aliondoa mfuko usoni mwa mtoto, akaukunja, akauweka mezani taratibu.

Agnesi alikuwa amekaa kwenye kile kiti, sweta zote mbili mapajani, kifua kimefunguka tayari kwa mtoto ambaye hakuletwa.

"Nesi," alisema baadaye, alipokwisha kulia ule mwanzo wa kulia. "Ni ile baridi ya pale kitandani?"

Asnath alimtazama mama huyu ambaye binti yake alikuwa chumba cha pili hajafungua macho. Aliliona jibu. Alilisogeza kando.

"Hapana, mama. Ni mapafu. Mapafu yalikuwa hayajakomaa."

"Ah," Agnesi akasema. "Mapafu." Akaanza kufunga vifungo vyake kimoja kimoja, kwa makosa, cha juu kwenye tundu la chini.

Ofisini Coleta alikuwa ameshatoa lile boksi la chupa juu ya kabati. "Nilikuambia," alisema, lakini bila furaha. "Kifua cha ndugu hakifai huku kwetu. Tumejaribu, tumeona."

Hapo Asnath angeweza kunyamaza. Kunyamaza kungemfaa yeye, kungemfaa Agnesi, kungemfaa Yusto. Kusingemfaa njiti ajaye, ambaye mama yake wakati huo alikuwa huko kijijini anavuna ulezi na kushika kiuno. Akafunga mlango.

"Si kifua, sista. Kifuani hakupoa hata siku moja. Alipoa kitandani." Akamweleza yote: mmoja anamlaza na kutoka, mwingine anasubiri mpaka mwenzake apotee, na katikati mtoto hana mtu. "Mimi ndiye niliyepanga wapokezane. Niliambiwa hawapeani kitu mkononi, nikacheka. Semina ilisema ndugu yeyote. Mimi sikuuliza ndugu wenyewe wanatazamana vipi."

Coleta alikaa. Alivua miwani, na bila miwani alionekana mzee.

"Kwa hiyo nikiulizwa huko juu nijibu nini? Mtoto ameuawa na heshima?"

"Jibu ameuawa na sisi tuliokuwa humu ndani tunasomeana taarifa."

Coleta akalirudisha boksi juu ya kabati, akilisukuma kwa kidole kana kwamba linamchafua. "Kuanzia leo hakuna zamu inayofungiwa mlango kabla njiti hawajahamishwa kifua kwa kifua, na nesi amesimama katikati," alisema. "Na yule bibi? Umemwambia?"

"Nimemwambia mapafu."

"Na ameamini?"



Mchana Yusto alirudi. Safari hii alikuja kwa miguu. Alisimama barazani, mgongo kwa mlango, kofia mkononi. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto kwenda kumzika kwao Izia. Ndani, Agnesi alikuwa amemkumbatia Mheshimiwa ndani ya kile kitenge. Alipomsikia mkwe wake akikohoa kidogo kutangaza kwamba yupo, aliinuka, akakisogelea kitanda, akainama ili amlaze pale, kisha atoke kwa mlango wa nje, ule wa kwenye tangi, kama ilivyokuwa kila siku.

"Nipe mimi, mama," Asnath alisema, akanyoosha mikono.

Agnesi akabaki ameinama. Akaitazama ile mikono muda mrefu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayekagua kitu dukani ambacho alikitafuta jana akaambiwa hakipo.

"Kumbe unaweza kupokea," alisema.

Akampa. Asnath akavuka naye chumba, hatua chache tu, mpaka barazani, akamweka mikononi mwa Yusto, naye Yusto akampokea bila kugeuza kichwa.