Goti Aliloachiwa Mtani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumamosi, Naima Abilahi alikuwa amekaa pembeni ya uwanja wa mpira wa Rutamba, akilizungushia goti lake la kulia kitambaa alichokichana kwenye khanga kuukuu. Namba yake ya kifuani ilikuwa 61. Mbio za milimani za kilomita arobaini na mbili zilikuwa zianze saa kumi na mbili, na goti lilikuwa limevimba.

Lilivimba tangu Aprili, siku Naima na wanaume watatu walipomshusha wifi yake Somoe, aliyeshikwa na uchungu, kutoka kitongoji cha Namtamba, juu ya kitanda cha kamba. Namtamba iko mlimani, zahanati iko bondeni, na katikati hapakuwa na njia ya gari wala ya pikipiki. Naima aliteleza akaangukia goti, lakini kitanda hakukiachia. Somoe alipona. Mtoto alizaliwa njiani na hakulia. Watu wa Namtamba walikuwa wameomba njia kwa miaka sita. Waandaaji wa mbio walipofika, waliifyeka kwa siku nne, wakafunga utepe mwekundu kwenye miti.

Ndiyo maana Naima alijiandikisha. Ilitangazwa kwamba mshindi wa kwanza wa wanawake angepewa kipaza sauti kwa dakika mbili mbele ya mgeni rasmi. Medali hakuitaka. Alizitaka dakika mbili, na alikuwa na hakika atazipata, maana milima ile aliipanda na mzigo wa korosho kichwani tangu hajavunja ungo. Shida ilikuwa goti tu.

Debora, muuza vitumbua, akamletea kikombe cha uji.

"Mtani, goti gani hilo? Kama muhogo uliosahauliwa majini!"

"Kama limekupendeza lichukue. Mie limenichosha."

Alisema kwa mzaha, na hapo ndipo alipokosea. Debora ni Mmakonde wa Newala, Naima ni Mmwera, na kati ya watani hawa kilichotajwa kimeshatoka mkononi: mwenyewe harudi nyuma, na mtani hakatai. Ukimwambia mtani amchukue kuku wako, jioni usimtafute bandani. Debora aliweka kikombe chini, akalifunika goti kwa viganja viwili, akavuta. Maumivu yakatoka. Akachechemea hatua tatu hadi kwenye mkeka wake, akakaa taratibu.

"Yana uzito, jamani," akasema. "Haya, nenda. Ila mguu wako, maumivu yangu. Ukikanyaga ovyo huko, anayelia ni mimi huku."

Naima alisimama. Uvimbe ulikuwa palepale, ila goti lilikuwa kimya. Akanywa uji, akaenda kwenye mstari.

Alikimbia kwa adabu ya mtu aliyebeba vyombo vya jirani. Penye mwinuko alitembea, kiganja juu ya paja. Mteremko aliukata mshazari, huku na huku. Penye mawe alitanguliza mguu wa kushoto, na kila kijito alichovuka alilowesha kitambaa. Wanawake waliomtimulia vumbi asubuhi aliwakuta mmoja mmoja wamekaa kando, wakikamua miguu yao. Aliwaamkia, akapita.

Mtandao wa simu haukuwa ukifika milimani, kwa hiyo uwanjani hakuna aliyejua nani yuko wapi. Mtangazaji, Laurenti, alihamishia meza yake kwenye mkeka wa Debora. Debora akishika goti na kusema, "Yuko kwenye mawe," Laurenti alitangaza kwamba namba 61 yuko kwenye mawe. Akisema, "Anapanda, mtoto wa watu, wala hana papara," Laurenti alitangaza na hilo. Wasimamizi waliandika.

Kilomita ya thelathini na tisa ilikuwa Namtamba. Somoe alikuwa amesimama mlangoni kwake na jagi la maji.

"Wifi, amebaki yule tu," akasema, akionyesha bondeni.

Yule alikuwa Dativa, binti aliyetoka mjini na viatu vya milimani, na alikuwa ameshafika nusu ya mteremko. Naima aliutazama mteremko. Ulikuwa ni uleule wa kitanda. Kumkuta Dativa kulitaka aushuke wima, kwa uzito wake wote, na uzito huo ungemwangukia mwanamke aliyekaa mkekani. Akaona huruma, akaanza kushuka kwa kutembea.

Ndipo spika za uwanjani zikakoroma na sauti ya Debora ikapanda mlima mzima.

"Mtani! Unatembea kwa nini? Nani kakutuma unionee huruma? Shuka, kobe wewe! Shuka!"

Naima akashuka wima. Alilia njia nzima, si kwa maumivu, maana hakuwa nayo. Alimpita Dativa kwenye mikorosho ya mwisho na kuingia uwanjani akiwa mbele kwa hatua kumi na mbili. Debora alikuwa amelala chali, pindo la khanga kati ya meno. Alipolitoa aliutukana ukoo wa Naima, akianzia kwa babu, na hakumruka mtu.

Mgeni rasmi alihutubia kwanza. Aliyataja makabila ya pale moja moja, akasema wote ni watani zake, na kwamba akija kwa watani haondoki mikono mitupu. Watu walipiga makofi. Kisha Naima akapewa dakika zake. Alisema habari za Somoe, za mtoto, za miaka sita na zile siku nne. Hakupandisha sauti wala hakuomba radhi, na alimaliza sekunde zikiwa zimebaki.

"Tutalifanyia kazi," akasema mgeni rasmi.

Debora alisimama, akachechemea hadi meza kuu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Wewe si mtani? Chukua basi na hiki."

Mgeni rasmi, aliyelelewa vizuri, hakuweza kukataa. Debora alimwekea viganja gotini, akarudi kwenye vitumbua vyake akitembea sawasawa. Mgeni rasmi aliomba kiti. Baadaye vijana wawili walimshika mabega hadi kwenye gari.

Habari zake zilifika Rutamba. Madaktari walipiga picha mifupa wakaona mizima. Katika ripoti yake aliandika kwamba mlima wa Namtamba ni mkali kweli, na ofisi ikampa gari jingine, lenye viti laini zaidi. Utepe mwekundu ulifunguliwa, maana ulikuwa wa kuazima. Mvua zikanyesha, nyasi zikaifunika njia.

Mwezi Machi mke wa Kondo, wa Namtamba, alishikwa na uchungu saa nne asubuhi. Walitafutwa watu wanne wa kubeba kitanda. Naima alipewa mguu wa mbele, upande wa bondeni, ambako uzito wote huelemea, kwa sababu goti lake ndilo lililokuwa zima kuliko yote. Alijifunga khanga kiunoni, akashika. Walishuka kwa saa tatu katika matope, na alipoteleza alipiga goti kwenye jiwe, akainuka, akaendelea.

Mjini, saa hiyohiyo, mgeni rasmi alishika goti katikati ya kikao akapiga ukelele. Gari lililetwa mpaka mlangoni.