Wa Mwisho Anaosha Vyombo

Nyumba hii ina sheria moja tangu mwanangu aoe: wa mwisho kumaliza kula anaosha vyombo. Hakuna cha mgeni wala mkubwa. Hata mimi bibi mtu nimeosha sana, na meno yangu haya matatu!

Mjukuu wangu alipopata kiharusi, miaka tisa tu, jamani, mkono wa kulia ukalegea, nasi sheria tukaizika kimya kimya. Huyu ndiye tuliyemwita Kasuku kwa domo lake. Aliporudi kutoka hospitali tukamlea kama yai: mimi namlisha, baba yake anamvisha, kaka yake hathubutu hata kumtania. Daktari alisema ulimi hauna tatizo, lakini mtoto akanyamaza. Shule akaikataa. Kutwa yuko dirishani, ukimsemesha anakutazama tu. Niliogopa, sifichi. Mwili ulikuwa unarudi, Kasuku wetu harudi.

Jioni moja mama yake, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, akanizuia mkono. "Mama, muache ale mwenyewe."

Akala kwa kushoto, kidogo kidogo, mpaka sote tukamaliza. Mkwe wangu akauliza, "Haya, wa mwisho nani?"

Nikapandwa na hasira. "Wewe huna hata huruma? Mtoto mgonjwa!"

"Sheria ni sheria, mama." Sauti kavu. Lakini chini ya meza alikuwa amelikunja gauni lake lote ngumini.

Kasuku akainuka. Akabana sahani kwa kiwiko cha mkono mbovu, akasugua kwa ule mzima. Ya tatu ikamponyoka, pwaa! Sahani yangu ya maua. Midomo ikaanza kumcheza, nikajua sasa ni kilio.

Kaka yake akajisahau. "Weee! Ya bibi! Leo unalala nje!"

"Tutalala wote! Si wewe uliyeiacha na mafuta?"

Kasuku huyo! Maneno yote hayo kwa mpigo! Baba yake akageukia ukutani. Mimi nililia waziwazi, utu uzima wangu nikauweka pembeni.

Asubuhi ya tatu akatoka na sare ya shule, vifungo kafunga mwenyewe, kimoja kimekwenda upande. Mama yake, fundi asiyevumilia hata uzi uliopinda, alikiona. Akamkabidhi begi tu.

Mimi chai yangu nikainywa taratibu, makusudi, mpaka nikawa wa mwisho. Kisha nikakunja mikono ya gauni nikamwoshea mkwe wangu vyombo.