Mama Kamli Akiwa Kazini

Hemlata aliingia ukumbi wa maonyesho ya sanaa na chupa yake ya kunyunyizia maji, kama alivyofanya kila asubuhi wiki hiyo, maana sanamu ya udongo mbichi ikikauka haraka hupasuka, na jua la Jaipur baada ya Holi, sikukuu ya rangi, halina huruma na mtu. Shuleni alikuwa ameomba ruhusa. Mwalimu mkuu alimruhusu, akamkumbusha kwamba mwalimu wa mkataba asiposimama darasani hana mshahara wa siku hiyo. Sawa. Leo majaji wanapita, jioni tuzo inatangazwa, naye alishajifunga kibwebwe.

Ile tuzo ya wasanii wa kisasa si ya kuwekwa kabatini tu. Mshindi hupelekwa Delhi mwaka mzima, akapewa karakana na posho ya kula. Hemlata sanamu yake aliifinyangia juu ya paa la nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akimfokea kila kukicha kwa harufu ya samadi aliyochanganya na udongo. Karakana yenye mlango wake mwenyewe! Aliwahi kuiota mpaka rangi ya kuta.

Alipofika kwenye sanamu alisimama. Miguuni pake palikuwa na bakuli la wali wa sukari, mtindi, chapati zilizopoa na maua ya njano. Paji la uso lilikuwa limepakwa unga mwekundu.

"Mwalimu, usinitie lawamani," alisema Bhanwarlal, mlinzi wa mlangoni, kabla hajaulizwa. "Wa kwanza nilimfukuza. Wa pili alikuwa mke wangu. Nikimfukuza yule, usiku nikalale wapi?"

Ndipo Hemlata alipokumbuka siku yenyewe. Ilikuwa sikukuu ya Shitala Mata, yaani Mama Shitala, mungu wa kike wa ndui na tetekuwanga. Siku hiyo hakuna nyumba inayowasha jiko. Chakula hupikwa jana yake, na Mata hupelekewa kikiwa kimepoa. Na Mata huyo watu humjua kwa nini? Kwa ufagio wake na ungo wake. Haya, mtazame sasa huyu wa Hemlata: mwanamke mkubwa, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi, ufagio mkononi, ungo wa kuzolea taka ameubana kiunoni. Ukitoka nje kwenye jua kali ukakutana naye, hata wewe ungevua viatu.

Mwanamke yule alikuwa mama yake. Kamli, mtu wa tabaka la wafagiaji, ambao wengine huona wakiwagusa watanajisika, alikuwa akifagia vichochoro vya mji wa zamani tangu hajaolewa, na mpaka leo bado ni kibarua wa mkandarasi. Wafagiaji walioajiriwa na manispaa huvaa kizibao cha rangi ya chungwa. Hemlata angemvalisha sanamu kizibao kile, hata mtoto mdogo angemtambua. Lakini mkandarasi hakuwahi kumpa Kamli kizibao wala glavu, na Hemlata hakutaka kusema uongo juu ya mama yake, hata kwa udongo. Kadi ukutani ilisema waziwazi: Mama Kamli Akiwa Kazini. Ila nani husoma kadi akiwa na sahani mkononi?

Aliinua kitambaa aifute ile rangi nyekundu, akasita. Ilimpendeza mama. Akakirudisha kitambaa begani, akanyunyiza maji yake, akakaa kwenye kiti.

Jua lilipopanda, foleni ya hekaluni ilifika barabara kuu, na habari zikaenea kwamba kuna Mata mwingine kwenye ukumbi wenye feni. Wanawake wakaja na sahani zao, wengine na watoto mgongoni. Wanaume wa Baraza la Sanaa, waandaaji wa maonyesho, walikimbia huku na huku wasijue wafanye nini. Kisha akaingia mke wa mbunge, mgeni rasmi, na wapiga picha nyuma yake. Naye akavua viatu. Akainama, akagusa miguu ya sanamu, akapeleka vidole kichwani. Hemlata alisogea atazame. Miguu ile alikuwa ameifinyanga na nyufa zake zote, na kidole cha mama kilichokatwa na kipande cha chupa. Mke wa mbunge alikuwa amekigusa kidole kile.

Bwana Mathur, katibu wa Baraza, alimvuta pembeni, anacheka mpaka gego la mwisho.

"Dada, umepata bahati ya mtende! Majaji nimetoka kwao sasa hivi. Tuzo ni yako, imebaki kutangazwa tu."

"Kweli, Bwana Katibu?"

"Kweli kabisa. Kuna kajambo kadogo." Alitoa kadi mpya mfukoni, imeshachapwa. Iliandikwa: Shitala Mata, udongo na nyasi. "Tubadilishe jina. Basi."

"Lakini huyu ni mama yangu."

"Najua ni mama yako, nami ninamheshimu sana. Lakini fikiria, mwanangu. Mke wa mheshimiwa amepigwa picha ameinama. Kesho magazeti yaandike ameinamia nani? Mfagia choo? Utawaudhi watu, watuvunjie vioo. Neno moja tu kwenye karatasi, nawe uko Delhi."

Hemlata aliishika ile kadi. Tusimfanye malaika, aliishika na hakuirudisha. Aliiona karakana, akajiona anafunga mlango kwa ufunguo wake. Akajiambia kwamba mama hajui kusoma, na hata angejua asingejali. Akajiambia pia kwamba Mata na mama wote ni mama. Bwana Mathur aliona uso wake umelegea, akampigapiga begani, akaenda kuwaita majaji.

Wakati huo Kamli alikuwa anaingia. Ametoka zamu, amenawa uso, amevaa sari yake ya harusi za watu. Alikuwa bado hajaiona sanamu ikiwa imekamilika. Alisimama mwisho wa foleni kwa adabu, kama kila mtu. Mwanamke aliyekuwa mbele yake aligeuka, akamtazama mikono, akamjua. Akaikusanya sari yake upesi, akaibana mapajani.

"Wewe si unafagia mtaani kwetu? Sogea kule, mama. Tumebeba chakula cha Mata, usije ukatugusa."

Kamli akasogea. Alisogea mpaka ukutani, kama alivyosogea maisha yake yote. Hemlata aliona. Kadi ya Bwana Mathur aliichana vipande viwili bila hata kujua mikono yake inafanya nini.

Akapita katikati ya foleni, akamshika mama yake mkono, akamleta mpaka mbele. Majaji walikuwa wameshafika, na katibu, na mke wa mbunge.

"Jina la kazi hii liko kwenye kadi, lakini naona haijasomwa," alisema. "Anaitwa Kamli. Anafagia vichochoro vyenu kabla hamjaamka. Ni mama yangu, na huyu hapa. Aliyegusa miguu ile, amegusa yake."

Mke wa mbunge alitazama vidole vyake, akatafuta viatu. Wanawake wakaanza kuchukua sahani zao, mmoja baada ya mwingine, na yule wa sari iliyobanwa aliondoka na yake hata kabla hajaiweka chini. Jaji mkuu alikohoa, akasema kazi ni nzuri mno, ila aliitazama saa yake alipokuwa akisema. Bwana Mathur alimsogelea Hemlata sikioni.

"Umejifukuza mwenyewe, dada. Mimi simo."

Wakaenda ukumbi wa pili. Haikupita muda kipaza sauti kikatangaza tuzo kwa picha za ngamia jangwani, na makofi yakapigwa.

Kamli hakuyasikia, au aliyasikia na hakuyajali. Aliizunguka sanamu polepole. Alipofika kwenye kidole kilichokatwa alicheka kidogo.

"Hata hiki umekikumbuka, Hemu."

"Twende nyumbani, mama," alisema Hemlata, machozi yanamlenga. "Hujala tangu alfajiri."

Kamli alikuwa anatazama chini. Bibi mmoja mzee, mwenye mkongojo, alikuwa ameweka bakuli lake miguuni pa sanamu na hakulichukua. Alikuwa amesimama pale pale. Kamli aliketi sakafuni kwa mkunjo mmoja, akalivuta bakuli.

"Mama, watu wanaangalia."

"Waangalie. Tangu nizaliwe nimepewa kilichobaki kwenye sahani za wenzangu, nikipewa mlangoni pa nyuma. Hiki hakijaguswa na mtu. Nimeandaliwa mimi."

Akamega, akala. Akala taratibu, mgongo umenyooka, sanamu yake imesimama nyuma yake.

Yule bibi aliegemea mkongojo wake, akamtazama anavyotafuna.

"Sukari imetosha?"

Kamli alifikiri kidogo. "Imepungua, dada."

"Sawa," alisema bibi. "Mwakani nitaongeza."